WANAWAKE WA NYUMBA YA KIFALME NA UGOMVI WA DINI KATIKA BUGANDA

Wasomaji wetu walio walimu wanazijua habari za nyumba ya kifalme ya Uingereza katika karne ya 16, maana vitabu vya historia haviachi kuzitaja. Mfalme Henry VIII alimwoa Katharine wa Aragon mwaka 1509, kisha akataka kumwacha kwa kuwa hakumzalia mrithi wa kiume aliyeishi; na katika shauri hilo Uingereza ikatengana na Roma, hata mwaka 1534 mfalme akafanywa kuwa mkuu wa Kanisa la nchi yake. Mary, binti ya Katharine, alipotawala tangu 1553 hata 1558, aliirudisha nchi kwa Papa, na watu wapata 280 wakachomwa moto kwa ajili ya imani ya Kiprotestanti. Baada yake akatawala Elizabeth, binti ya Anne Boleyn, tangu 1558 hata 1603, akaigeuza tena nchi. Na mwaka 1587 jamaa yake Mary, malkia wa Waskoti, aliyekuwa Mkatoliki, akakatwa kichwa. Basi kwa muda wa miaka 60 hivi dini ya taifa zima ilifuata ndoa, uzazi na vifo vya wanawake wachache.

Wanafunzi husoma habari hizo wakadhani kuwa ni mambo ya Ulaya tu. Twapenda kuonyesha katika makala haya ya kwamba jambo lililo sawa nalo, ingawa si lile lile, lilitukia karibu nasi, katika ufalme wa Buganda, tangu siku za Kabaka Mutesa wa kwanza hata mwaka 1941. Vita vya dini vya Buganda vimeandikwa sana, walakini waandishi wengi huhesabu wakuu, bunduki na majimbo yaliyogawanywa, wakawataja wanawake wa ikulu kwa neno moja na kupita. Sisi twaona ya kwamba mara nyingi dini mpya iligongana na kiti cha ufalme kwanza mahali walipokuwa wanawake hao: penye makaburi, penye ndoa na penye cheo cha mama wa mfalme.

Mtu aweza kuuliza kwa nini sisi tukaao Isaka, katika nchi ya Kahama, twajishughulisha na habari za Buganda. Jibu ni kwamba habari hizo zilipita njia yetu. Kabla ya reli kufika Mwanza mwaka 1928, misafara ya biashara na ya wamisionari iliyotoka Tabora kwenda ziwani ilikata nchi za Unyamwezi na Usukuma. Bukumbi, misheni ya Mapadre Weupe kusini mwa ziwa, ndiyo iliyompokea Kabaka Mwanga alipofukuzwa kitini. Na Usambiro, misheni ya Kiingereza, ndipo alipofia Alexander Mackay mwezi wa Februari 1890. Tena wazee wa Kisukuma na Kinyamwezi hawashangai kusikia kwamba kiti hutegemea wanawake. Kabla ya utemi kuondolewa mwaka 1963, desturi ya kale ya tawala nyingi za huku ilikuwa kwamba mtoto wa kiume wa mtemi hakurithi. Alitafutwa mwana wa dada, kwa kuwa damu ya utemi ilipitia kwa mama.

VYEO VYA WANAWAKE KATIKA UFALME

Katika Buganda watu watatu waliitwa kwa jina la Kabaka: mfalme mwenyewe, mama yake ambaye cheo chake ni Namasole, na dada yake aliyeketi pamoja naye siku ya kutawazwa, ambaye cheo chake ni Lubuga. Namasole alikuwa na ikulu yake juu ya kilima kingine, na kati yake na ikulu ya mwanawe ilipasa kuwapo maji yapitayo, maana walisema wafalme wawili hawakai kilima kimoja. Alikuwa na Katikiro wake na maofisa wake wenye majina yale yale ya maofisa wa Kabaka, na mashamba yake yalitawanyika katika nchi. Msafiri Speke alipofika Buganda mwaka 1862 alilazimika kujipatanisha na baraza mbili, la Mutesa na la mama yake, na hakuweza kulidharau hili la pili.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba Namasole alikuwa cheo zaidi ya kuwa mtu. Mama wa Kabaka akifa, mwanamke mwingine wa ukoo wake aliwekwa mahali pake, akaitwa Namasole, akapewa ikulu na watu. Sababu yake ni wazi kwa mtu ajuaye desturi zao. Mganda wa kawaida hufuata ukoo wa baba yake. Lakini Kabaka hufuata ukoo wa mama yake. Kwa hiyo ukoo wo wote waweza kutoa mama wa mfalme, na Namasole ndiye kifungo kinachouunganisha ukoo huo na kiti.

Cheo hicho kilikuwa na kufuli. Namasole hakuruhusiwa kuolewa tena wala kuzaa tena baada ya mwanawe kutawala. Kadhalika binti za kifalme hawakuruhusiwa kuolewa wala kuzaa. Waliheshimiwa kama wanaume, hata katika lugha: mtu anapomwitikia binti wa kifalme husema «ssebo», yaani bwana, asiseme neno la kumwitikia mwanamke. Dada wa Kabaka aliyekufa alipewa cheo cha Nalinya, akalinda kaburi lake. Na kaburi la Kabaka halikuwa mahali pa mifupa tu. Mfupa wa taya ulihifadhiwa katika nyumba ya heshima, palikuwapo kuhani, na watu waliamini ya kwamba mfalme aliyekufa husema kwa kinywa chake.

Basi mwanamke wa nyumba ya kifalme alikuwa mlinzi wa mambo matatu: kaburi, damu na amani ya kiti. Dini zilizoingia Buganda ziliyagusa yote matatu.

NAMASOLE MUGANZIRWAZA

Uislamu ndio uliotangulia. Wafanya biashara wa pwani waliufikisha katika Buganda pamoja na Kiswahili, na katika miaka ya 1860 Mutesa akafunga Ramadhani. Mwaka 1876 aliwaua Waislamu wengi waliokataa kumfuata katika mambo ya ibada, nao ndio mashahidi wa kwanza wa dini katika nchi ile. Wamisionari wa Kiingereza walifika mwezi wa Juni 1877, na Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, akafika mwezi wa Februari 1879. Katika lugha ya Kiganda waliojifunza dini waliitwa «abasomi», na neno hilo, kama neno «ddini», lilitoka katika Kiswahili. Maana Mackay na wenzake walianza kufundisha ikulu kwa lugha yetu hii.

Namasole wa siku zile alikuwa Muganzirwaza, wa ukoo wa Tembo, mwanamke mwenye akili na nguvu, aliyemsaidia mwanawe kupata kiti kati ya watoto wengi wa Kabaka Suna. Mutesa alipougua sana mwaka 1879, Namasole na wazee wa nchi walitaka aletwe Mukasa, lubaale wa ziwa, yaani mjumbe wa pepo huyo, ili amponye. Mackay alipinga mbele ya baraza. Mwisho wake, mwezi wa Desemba 1879, Kabaka na wakuu wake wakatangaza ya kwamba hawataki dini ya Waarabu wala dini ya Wazungu, nao watashika ya baba zao.

Waandishi wengi wa misheni walimhukumu Muganzirwaza kuwa adui wa Injili tu. Sisi twaona kwamba neno hilo ni kweli, lakini halitoshi. Mwanawe alikuwa mgonjwa, na dawa za wageni hazikumponya. Tena cheo chake kilisimama juu ya desturi ile ile iliyokuwa ikihukumiwa. Ambaye angalimwambia aiache, ilimpasa kumwambia pia atasimama juu ya nini baada ya kuiacha. Na neno hilo halikusemwa.

Alipokufa mwaka 1882, Mutesa alimwomba Mackay amzike kwa fahari kama wazikwavyo malkia wa Ulaya. Mackay akafanya kazi siku nyingi pamoja na wahunzi wa Kiganda. Yakatengenezwa majeneza matatu, moja ndani ya jingine, la katikati likiwa la shaba, na nguo nyingi mno zikatiwa kaburini. Hivyo mwanamke aliyemleta Mukasa ikulu alizikwa katika majeneza yaliyofanywa na mmisionari aliyempinga.

CLARA NALUMANSI

Mutesa akafa mwezi wa Oktoba 1884, akatawala mwanawe Mwanga, kijana. Mateso ya Wakristo yaliyofuata yajulikana: vijana watatu waliuawa tarehe 31 Januari 1885, Askofu Hannington aliuawa mwezi wa Oktoba mwaka ule, Yosefu Mukasa Balikuddembe mwezi wa Novemba, na tarehe 3 Juni 1886 wengi wakachomwa moto Namugongo. Wengi wao walikuwa vijana wa ikulu, nao walifundishwa na kusifiwa, kama ilivyo haki.

Lakini siku zile zile, katika mwezi wa Mei 1886, palikuwa na mwanamke mmoja aliyemtia Kabaka hasira kuu, na habari zake hazifundishwi sana. Nalumansi alikuwa binti ya Mutesa, dada yake Mwanga kwa baba. Alipewa cheo cha kulinda kaburi la Kabaka Jjunju wa zamani. Akasoma dini, akabatizwa na Mapera akaitwa Clara, akaolewa na Mkristo jina lake Yosefu Kaddu. Alipofika penye kaburi alilopewa kulinda, aliondoa hirizi na vyombo vya mizimu akavichoma moto, na kuhani wa mahali pale akafukuzwa. Desturi za Kiganda ziliamuru kwamba kitovu cha mtoto wa kifalme kihifadhiwe maisha yake yote, nacho huitwa pacha wake. Mama yake alipomletea kitovu chake kwa heshima, Nalumansi alikikatakata akakitupa.

Ili tujue uzito wa jambo hili, yatupasa kuyahesabu. Kwa tendo la kwanza alivunja kaburi. Kwa ndoa yake alivunja sharti la binti za kifalme. Kwa tendo la mwisho alikana kwamba mwili wake ni mali ya nyumba ya kifalme. Kijana wa ikulu aliyekataa amri ya Mwanga alikuwa mtumishi mmoja aliyekataa kutii. Huyu alikuwa damu ya kiti yenyewe, naye alisema kwa matendo kwamba nguzo za kiti ni kuni. Kabaka na wakuu wake waliona hatari, na hatuwezi kusema kwamba macho yao yaliwadanganya. Tendo lake likawa mojawapo ya mambo yaliyochochea hasira iliyowaka siku chache baadaye.

Clara hakuuawa wakati ule, labda kwa kuwa ilikuwa vigumu kumwaga hadharani damu ya kifalme. Aliuawa katika machafuko ya miaka iliyofuata. Wakatoliki 22 wa Buganda waliandikwa watakatifu mwaka 1964, na Waanglikana huwakumbuka 23 wa kwao. Katika orodha hizo mbili hamna jina la mwanamke hata mmoja.

MAUAJI YA MWAKA 1889

Mwezi wa Septemba 1888 Waislamu na Wakristo waliungana wakamwondoa Mwanga, naye akakimbilia kusini mwa ziwa. Aliyewekwa mahali pake, Kiwewa, hakudumu. Alikataa kutahiriwa, na Waislamu, ambao walikuwa wamekwisha kuwafukuza Wakristo mwezi wa Oktoba, wakamtawaza ndugu yake Kalema. Wakristo wengi wakakimbilia Nkore, na wamisionari wakatupwa ziwani katika mashua wakafika upande wetu kwa taabu. Mwanga alikaa kwanza Magu, kisha akahamia Bukumbi kwa mapadre wale wale ambao alikuwa amewaua wanafunzi wao.

Mwaka 1889 Kalema aliogopa kwamba adui zake watamtoa mwana wa kifalme mwingine na kumtawaza. Akaamuru ndugu zake wauawe. Kuua ndugu wa kiume halikuwa jambo geni katika Buganda. Lakini safari hii waliuawa na binti za kifalme pia. Wasimulizi wa habari zile hueleza sababu: watu wa Kalema walikuwa wamesikia kwamba Waingereza wanatawaliwa na mwanamke, Malkia Victoria, wakaogopa kwamba Wakristo watamweka mwanamke kitini kama ilivyo desturi ya walimu wao.

Yatupasa kulifikiri neno hili. Tangu Mary na Elizabeth walipotawala, Waingereza walizoea kwamba mwanamke aweza kushika kiti. Habari hiyo ilipofika Buganda haikumwongezea mwanamke hata mmoja heshima wala nafasi. Iliwafanya tu wahesabiwe kuwa adui. Hapo zamani binti wa Kabaka alifungwa na desturi nyingi, lakini desturi hizo hizo zilimlinda, kwa kuwa hakuweza kurithi, na asiyeweza kurithi haogopwi. Ngao ile ilivunjika kabla hajapewa nyingine.

Wala hatuandiki haya ili kuwalaumu Waislamu peke yao. Mwanga aliwaua Wakristo. Mutesa aliwaua Waislamu. Na Wakristo waliporudi na kumrudisha Mwanga kitini, wakatwaa ushindi kamili mwezi wa Februari 1890, hawakukaa kwa amani miaka miwili. Tarehe 24 Januari 1892 Waprotestanti, walioitwa Wangereza, na Wakatoliki, walioitwa Wafransa, walipigana Mengo kwa bunduki, na Kapteni Lugard akawasaidia wa kwanza. Na katika ugomvi huo mambo ya uzazi yalionekana tena: Mwanga hakuwa na mrithi, na wana wa Kalema, waliokuwa watoto wadogo, walikuwa wamewekwa Bukumbi mikononi mwa Wakatoliki. Ilijulikana na wote kwamba atakayemlea mtoto ndiye atakayeichagua dini ya kiti.

MTOTO DAUDI NA MAPATANO YA 1900

Mtoto wa Mwanga alizaliwa mwezi wa Agosti 1896, mama yake akiwa Everini Kulabako. Mwaka uliofuata Mwanga aliasi, akashindwa, akakimbia. Na mwezi wa Agosti 1897 mtoto huyo wa mwaka mmoja akatawazwa, akaitwa Daudi Chwa. Alilelewa Kiprotestanti. Waliotawala kwa ajili yake walikuwa watatu: Apolo Kagwa na Zakaria Kisingiri, Waprotestanti, na Stanislaus Mugwanya, Mkatoliki. Mama yake akawa Namasole, lakini hakuwa katika watatu hao.

Mapatano ya Uganda ya mwezi wa Machi 1900 yaligawanya ardhi kwa maili za mraba, na hesabu zake zaonyesha wazi jinsi mambo yalivyogeuka. Kabaka alipewa 350. Namasole alipewa 16, na Namasole wa zamani, mama wa Mwanga, 10. Binti na jamaa za kike za Kabaka walipewa 90 kwa pamoja. Kila mmoja wa wale watawala watatu alipewa 16 kuwa zake mwenyewe na 16 za cheo chake. Misheni zote zilipewa 92. Basi mama wa mfalme, ambaye zamani alikuwa na watu wake katika nchi yote na baraza la kushindana na la mwanawe, alipewa ardhi iliyo nusu ya ile ya waziri. Hakunyang'anywa cheo. Alibaki na jina, heshima na sharti. Nguvu ndiyo iliyoondoka.

Sharti lililobaki baada ya nguvu kuondoka ndilo lililoleta ugomvi wa mwisho tutakaoueleza.

IRENE NAMAGANDA NA PETE MBILI

Irene Drusilla Namaganda alikuwa binti wa mchungaji wa Kianglikana, Yonasani Kaizi, naye alisoma Gayaza, shule ya wasichana iliyoanzishwa na misheni mwaka 1905. Mwezi wa Septemba 1914 Daudi Chwa alimwoa kwa ndoa ya Kanisa, ndoa ya pete kama wasemavyo Waganda. Lilikuwa jambo jipya. Zamani Kabaka alikuwa na wake wengi na watoto wote waliweza kuchaguliwa. Sasa palikuwa na mke mmoja ambaye Kanisa lilimtambua, na watoto wa pete na watoto wasio wa pete.

Daudi Chwa alipofariki mwezi wa Novemba 1939, aliacha watoto wengine wa kiume waliomzidi umri Edward Mutesa, aliyekuwa na miaka 15. Hata hivyo Mutesa ndiye aliyechaguliwa, kwa kuwa ndiye mwana wa ndoa ya pete. Wasomaji watakumbuka jinsi Mary na Elizabeth walivyoitwa watoto halali na wasio halali kwa kufuata hukumu ya ndoa za mama zao. Katika Buganda nako sheria ya ndoa ya Kikristo ilikuwa imeingia katika kuchaguliwa kwa mfalme, na Namaganda akawa Namasole kwa pete yake.

Mwaka 1941 Namasole huyo mjane alitaka kuolewa tena, na Simon Peter Kigozi, mtu asiye wa nyumba ya kifalme. Alikuwa na mimba. Nchi yote ikafadhaika. Kwa desturi jambo hilo lilikuwa haramu. Hata watu waliobatizwa utotoni na kusoma katika shule za misheni waliliona kuwa tusi kwa Kabaka na kwa Waganda wote. Walakini Askofu Cyril Stuart hakuona katika sheria ya Kanisa kizuizi cho chote, maana mjane Mkristo yu huru kuolewa. Na Katikiro, Martin Luther Nsibirwa, akakubali. Ndoa ikafungwa.

Matokeo yake yalikuwa makali. Namaganda aliondolewa katika cheo cha Namasole, akawekwa dada yake Perepetua, kwa desturi ile ile ya zamani ya kumtafuta mwanamke wa ukoo mmoja ili cheo kisife. Nsibirwa akalazimika kujiuzulu mwaka ule ule, akafuatwa na Samwil Wamala. Mashaka ya watu juu ya wakuu na juu ya Kanisa la Namirembe hayakuisha upesi. Pete ya kwanza ilimpa mwana wake kiti. Pete ya pili ikamwondolea yeye cheo. Na zote mbili zilibarikiwa na Kanisa moja.

Kila upande ulikuwa na haki yake. Wazee waliotetea desturi hawakuwa wajinga. Sharti la Namasole kutoolewa lilizuia mume wa mama asiwe mfalme wa pili, na watoto wa baadaye wasiwe chanzo cha magomvi penye kiti. Mtu asomaye jinsi waume wa malkia walivyotikisa Uingereza na Scotland hataliita sharti hilo upuuzi. Askofu naye hakuweza kumwambia binti wa mchungaji, aliyefundishwa tangu utoto kwamba ndoa ni takatifu na uzinzi ni dhambi, akae bila ndoa ili kuifurahisha nchi. Angalifanya hivyo, mafundisho yote ya Gayaza yangalikuwa ya uongo.

Lakini kosa, kama tuonavyo, lilitangulia siku nyingi. Kwa miaka 40 Kanisa lilikuwa limekipokea cheo cha Namasole pamoja na sharti lake, likakibariki siku za kutawazwa, wala halikuketi na wazee kuamua ni nini katika desturi hiyo kilicho cha heshima na kipaswacho kubaki, na ni nini kisichoweza kumfunga Mkristo. Neno hilo lililoahirishwa likamngoja mwanamke mmoja, naye akalilipa peke yake.

MANENO YA MWISHO

Tukiwatazama pamoja Muganzirwaza, Nalumansi, binti waliouawa mwaka 1889, na Namaganda, twaona jambo moja lililowapata wote. Dini mpya ilimwambia mwanamke wa nyumba ya kifalme kwamba roho yake ni yake mbele ya Mungu. Nchi nayo ilimwambia kwamba mwili wake, ndoa yake na hata kitovu chake ni nguzo za kiti. Maneno hayo mawili hayakupatanishwa na waliokuwa na uwezo wa kuyapatanisha. Yaliachwa yakutane ndani ya mtu mmoja.

Sisi walimu na wachungaji wa vijijini hatuna malkia katika madarasa yetu. Ufalme wa Buganda wenyewe uliondolewa mwaka 1967 ukarudishwa mwaka 1993, na watemi wetu wamekwisha kuondoka. Walakini kila mwaka twafundisha wasichana ambao nyumbani wana wajibu wa ukoo: mjane atakiwaye kurithiwa na ndugu wa mumewe, binti ambaye mahari yake imekwisha kuhesabiwa, bibi mzee alindaye kaburi la familia. Tukimfundisha mmoja wao kwamba dhamiri yake ni huru, yatupasa siku ile ile kwenda kwa wazee wake, kuketi, kusikiliza sababu ya desturi yao na kusema nao, tusingoje mpaka aivunje, kisha tumsifu kwa mbali au tumlaumu.

Tena twaomba walimu wanaofundisha habari za mashahidi wa Uganda kila tarehe 3 Juni wawatajie wanafunzi na Clara Nalumansi. Wafundishe habari zake zote, pamoja na hasira ya mama yake na hofu ya Mwanga, ili wanafunzi wapime wenyewe tendo lile na gharama yake. Msichana wa darasa la tano atakayeuliza kwa nini jina lake halimo katika orodha, asinyamazishwe.